Ndoto Yako Unamsimulia Nani?

Leo nataka tuzungumze habari za ndoto, na hasa ndoto za mabinti zetu, maana naona tumeziachia wauza mafuta ya upako, na hali zina historia yake hapa hapa tunapoishi.

Nianzie mwaka 1925. Mwishoni mwa mwaka huo daktari mmoja wa Uswisi, Carl Gustav Jung, mtu aliyekwisha kupata jina kubwa Ulaya kwa kuchunguza ndoto, alishuka melini Mombasa, akapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha akaja kupiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kenya. Ni mlima huu huu ambao mtu wa Tororo anauona kila mawingu yakitawanyika. Asubuhi waliketi shauri, yeye na wazee, kwa Kiswahili cha kuokoteza na kamusi mkononi, na swali moja alilirudia: ninyi mnaota nini? Wazee wakawa wanakwepa. Hatimaye akazungumza na laiboni, yaani mganga wao, mmoja mzee sana. Mzee akasema, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itanyesha, na mifugo ipelekwe wapi. Babu yake bado alikuwa akiota. Lakini tangu wazungu waje, hakuna anayeota tena. Ndoto za nini, na Mkuu wa Wilaya anajua kila kitu?

Kisa hiki Jung alikiandika mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake, na wengi wanaokisimulia wanakisimulia kama tanzia: mila imekufa, basi. Mimi huwa nasikia kitu cha pili ndani yake. Nasikia mzee aliyeketishwa mbele ya mzungu asiyemjua, mwenye daftari, aliyefika kwa ruhusa ya serikali ile ile ya Mkuu wa Wilaya, naye anaombwa ndoto zake. Wewe ungemwambia? Sisemi mzee alidanganya, machozi ni machozi. Ila hata ukimwamini neno kwa neno, alichosema ni kwamba ndoto hukauka pale ambapo hakuna tena anayeihitaji kutoka kwako.

Mambo haya si mageni kwa wenye dini. Nabii Yusufu alipoota nyota kumi na moja, jua na mwezi vinamsujudia, Kurani inasema baba yake, Yakubu, alimkanya asiwasimulie ndugu zake. Katika Biblia kijana hakukanywa mapema, akawasimulia, na tunajua alivyoishia shimoni. Ndoto ni ile ile. Kilichotofautiana ni masikio.

Nirudi kwa Jung kidogo, kuna jambo alilikiri ambalo hupitwa haraka. Kule mlimani wanaume walizungumza na wanaume, wanawake na wanawake, na mwanamume mgeni kuanzisha mazungumzo na mwanamke ilikuwa sawa na kumtongoza. Kwa hiyo daktari wa ndoto alikaa wiki kadhaa Elgon bila kumuuliza msichana hata mmoja ameota nini. Na za kwake mwenyewe? Anasema katika safari nzima aliota mtu mweusi mara moja tu, na huyo hakuwa wa Elgon. Alikuwa kinyozi wake wa Chattanooga, Tennessee, miaka kumi na miwili nyuma, amemshikia chuma cha moto anataka kuzifanya nywele zake ziwe za kipilipili! Alikuja kuwachunguza Waafrika, akajikuta anajichunguza yeye. Hilo nalo alilikiri, na namheshimu kwa hilo.

Sasa tumchukue binti ambaye hakuulizwa. Nitamchora mwenyewe, kwa hiyo usianze kumtafuta kwa jirani. Ni binti wa gombolola ya Petta, Budama Magharibi, wilaya ya Tororo. Ana miaka kumi na tisa. Amemaliza Senior Four, ada ya kuendelea haikupatikana, na sasa anamsaidia mama kupeleka muhogo na wimbi sokoni, na siku nyingine anafika Busia kuchukua dagaa wa kuuza rejareja. Ana mchumba wa chini chini, utingo wa lori anayekwama Malaba kila mara akingoja makaratasi ya mzigo.

Binti huyu anaota ndoto ile ile mara kwa mara. Yuko mpakani Busia, beseni la dagaa kichwani. Askari anamuuliza jina lake. Anafungua mdomo, jina halitoki. Nyuma yake malori yanapiga honi, watu wanamsukuma, samaki wanaanza kumwagika. Anaamka shuka limelowa jasho.

Anamsimulia mama wakichambua wimbi. Mama anaacha ungo. Usimwambie mtu mwingine, kuna anayekuchezea, na mimi namjua. Ndoto imekwisha kuwa ya mama na yule jirani waliyegombania mpaka wa shamba.

Anamsimulia utingo kwa simu. Utingo anacheka: huyo askari ni mimi, mpenzi, unaniota kila siku. Anamsimulia mhubiri. Mhubiri anafumba macho, anasema jina lako limefungwa kwenye madhabahu ya ukoo wa baba, funga siku saba, uje na sadaka ya kulifungulia. Baba hasimuliwi, lakini habari humfika, naye anasema msichana wa umri huu akianza kuweweseka dawa yake ni mume. Kuna watu wa Mulanda walishauliza. Wana ng'ombe.

Anabaki shangazi. Kwa mila zetu shangazi ndiye mwalimu wa msichana. Kwa Waganda ssenga, na kwa majirani zao wengi kazi ni hiyo hiyo. Tunamsifu sana kwenye redio, na anastahili. Lakini tusifichane: siku ya mahari shangazi naye ana fungu lake. Gomesi mpya, vazi la sherehe, imekwisha kumkaa akilini. Akisikia ndoto ya jina kukwama mdomoni, atasema unakaribia kubadilisha jina, mwanangu, unakwenda kuwa mke wa mtu.

Tazama sasa. Tafsiri ngapi hizo, na hakuna mjinga hata mmoja kati ya waliozitoa. Kila mmoja kasema kweli, kweli yake yeye. Mama ana hofu, kijana ana tamaa, mhubiri ana sanduku la sadaka, baba ana zizi tupu, shangazi ana gomesi. Na mwenye ndoto bado hajaulizwa chochote.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: ndoto humfungua mtu macho anapoisimulia kwa asiyepata kitu kutokana na tafsiri. Na wala hilo si wazo langu. Wazee wa eneo hili walikwisha kulijengea nyumba. Katika nchi ya Wajaluo wa Siaya, waliopakana na Busia yetu, kulikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe. Humo walilala wasichana, na wavulana wakiwa bado wadogo, chini ya bibi mzee aliyeitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na Atieno Odhiambo walimweleza pim kwa kirefu katika kitabu chao kuhusu Siaya, cha mwaka 1989. Pim ndiye aliyefundisha hadithi na vitendawili, koo na mipaka yake, mambo ya mwili na ya wanaume. Na angalieni hapa: mara nyingi pim hakuwa wa ukoo wa boma lile. Alitoka mbali, ameolewa huku na kule, amezika, ameona dunia, sasa amezeeka kwenye boma ambalo ng'ombe wake si wake. Mahari ya msichana hayakumwongezea wala kumpunguzia kitu.

Waliomweka pim mle walijua wanachofanya? Nadhani walijua. Mtoto wa kike hawezi kufunzwa na wenye hisa peke yao.

Siwindhe haipo tena. Tuna mabweni ya shule, na baada ya taa kuzimwa wasichana husimuliana ndoto kutoka kitanda cha juu kwenda cha chini, hadi matroni apige mlango. Nayo ni afadhali, ila rafiki wa miaka kumi na saba anakusikiliza kwa huruma tu; hajui alichofanyiwa mama yako.

Binti wetu basi, tumpe bahati. Kuna bibi mmoja kijijini, mjane, anayeuza pombe ya wimbi, ile ya kunywewa kwenye chungu kwa mirija mirefu. Si ndugu yake. Binti amekwenda kumtekea maji, na huku maji ya moto yakimiminwa chunguni anamtolea ile ndoto. Bibi hatafsiri. Anauliza tu: mwanangu, ni jina gani lililokataa kutoka?

Binti ananyamaza. Hakuwahi kufikiri kwamba ana zaidi ya moja. Kumbe analo la ubatizo, la kwenye cheti cha shule. Analo la utingo, ambalo halitamkiki mbele ya wazee. Na analo la nyumbani, jina la dada yake baba, marehemu, alilopewa kwa sababu ya ndoto.

Hili la mwisho wasikilizaji wengi mnalijua, ila walio mbali niwaeleze. Kwa Wajaluo mtoto akilia bila kukoma, na dawa za hospitali zisimtulize, watu huanza kungoja ndoto. Marehemu fulani humjia mmoja wa jamaa usingizini, naye huamka akasema amemwona. Mtoto anaitwa kwa jina lile. Akitulia, ndilo lake. Kwa Waluhya wa Busia nako jina la mtoto lilitafutwa kwa wazee waliotangulia. Ni mila nzuri, sitaki mtu aniandikie barua. Inawafanya wafu wasiwe wageni na watoto wasiwe yatima. Lakini fikirini upande wa mtoto. Amezaliwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Kabla hajaota yake ya kwanza, ameshaotewa.

Huyu hakuwahi kuambiwa marehemu alikuwa nani zaidi ya kwamba alikuwa mchapakazi na mzuri wa sura, sifa za matangani. Bibi wa pombe alimjua. Anamwambia: shangazi yako aliolewa, akapigwa, akarudi hapa usiku mtoto mgongoni. Babu yako akamrudisha asubuhi. Hakuwa mtu mbaya babu yako, mwanangu. Ng'ombe walikuwa wameshatumika. Kaka wa shangazi yako alikuwa amewaolea mke. Wangerudishwa nini?

Hapa natoka kwenye hadithi naingia kwenye kumbukumbu za mahakama, maana binti nimemchora mimi lakini fungu hilo la ng'ombe sikulichora. Mahari yakipokewa na kutumika, mke anayetaka kutoka anakuta mlango umefungwa na watu wake mwenyewe. Na pahali ambapo jambo hili lilishikwa kwa mikono miwili ni papo hapo Petta. Kuna kijiji kinaitwa Mifumi, na shirika la kutetea wanawake lililochipukia hapo likachukua jina la kijiji. Mwaka 2001 kura ya maoni juu ya mahari ilipigwa Tororo, na wengi waliojitokeza wakataka mageuzi. Mwaka 2007 MIFUMI na wenzake wakaipeleka hoja Mahakama ya Katiba, Kampala. Mwaka 2010 wakashindwa. Wakakata rufaa. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikatoa hukumu: mahari yenyewe hayavunji katiba, mtu akitaka kutoa atoe, lakini kudai yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Jaji mmoja, Esther Kisaakye, alitofautiana na wenzake. Yeye aliona mahari yenyewe hayapatani na katiba.

Wakati ule nilisikia watu wakilalamika kwamba mahakama imeua utamaduni. Ng'ombe bado wanatoka mpaka leo, nendeni Jumamosi yoyote mkaone. Kilichobadilika kisheria ni kwamba baba hana tena kisingizio cha kumrudisha binti alfajiri. Kama ana sababu nyingine, aitaje. Nami nakiri huwa nina wasiwasi na sheria inayokaa Kampala wakati ng'ombe wako Budama. Mkwe aliyekasirika hasomi hukumu. Lakini msichana anayejua kwamba hukumu hiyo ipo hajibu posa kwa sauti ile ile aliyojibu nayo shangazi yake.

Rudi kwenye chungu cha pombe. Binti amepata nini? Hakuambiwa ndoto yake maana yake nini. Ameelewa tu kwamba pale mpakani, askari alipouliza jina, lililomkwama ni la mwanamke ambaye hakupewa nafasi ya kujibu. Inawezekana marehemu anadai. Inawezekana ni hofu yake mwenyewe, amesikia watu wa Mulanda wakitajwa, na usingizini hofu imevaa nguo aliyoizoea. Bibi hajali ni ipi kati ya hizo, na mimi pia sijali. Zote mbili zinamwambia kitu kimoja kuhusu yeye: hataki kuolewa mwaka huu, na alikuwa hajamwambia mtu, hata nafsi yake.

Kuna watakaosema nimemrahisishia mambo, kwamba mwanamke anayesimama na ndoto yake mbele ya watu huadhibiwa. Hawajakosea. Mfano tunao wa mtu halisi, Gaudencia Aoko. Ni mwanamke wa Kijaluo wa magharibi ya Kenya, na mwaka 1963 alikuwa bado kijana, wa miaka kama ishirini. Alikuwa amefiwa na watoto, akapata maono, akaanza kuhubiri na kubatiza, watu wakamfuata makundi kwa makundi. Pamoja na Simeo Ondeto ndiye aliyeisimamisha Legio Maria, kanisa lililotoka ubavuni mwa Katoliki na ambalo waumini wake wamevuka mpaka hadi Uganda na Tanzania. Baadaye kanisa likajipanga: likawa na mapadri, maaskofu, makardinali, hata papa wake. Wote wanaume. Aoko akatengana nao.

Wengine humcheka, wengine humwogopa. Mimi naona mama aliyezika watoto, na ambaye hakuna aliyemuuliza kitu ila kumuuliza amemkosea nani. Aliposimulia alichoona, hakukipeleka kwa mwenye tafsiri. Alikipeleka njiani, kwa wanawake wenye vilio kama chake. Yaliyofuata ya vyeo ni habari ya vyeo.

Siku hizi kuna simu. Andika umeota nyoka, umeota maji machafu, umeota unakula nyama, na video zitafuatana hadi betri iishe, kila moja na adui wake na namba ya kutumia pesa chini yake. Wasichana wanaziangalia chini ya blanketi. Nimezitazama kadhaa kwa ajili ya mazungumzo haya, na sikukuta hata moja inayoanza kwa kuuliza swali. Kule Elgon, Mkuu wa Wilaya aliyejua kila kitu angalau alikuwa mmoja.

Najua mnaniuliza habari za yule utingo. Simjui vizuri, lakini simkatii tamaa. Amekaa foleni Malaba usiku, dereva amelala, binti amempigia akamwambia hataki watu wa Mulanda na hajasema kwamba anamtaka yeye. Kama atakata simu, tumemjua. Kama atauliza, sasa wewe unataka nini, halafu akanyamaza kweli kusubiri jibu bila kulijaza yeye, basi siku yake ikifika nitachangia mbuzi, na shangazi atapata gomesi yake. Nasubiri simu zenu.